Mapitio ya hukumu si rufaa ya pili

Mama mmoja, bahasha ya kaki mkononi, aliniambia juzi kwamba mwanawe, ambaye rufaa yake imetupwa na Mahakama ya Rufani, "atakata rufaa ya mapitio" pindi nakala ya hukumu itakapomfikia gerezani. Kauli hiyo fupi ina makosa mawili, na yote mawili nimeyasikia hata kwa watu waliosoma.

Mapitio ni maombi ya kuitaka Mahakama ya Rufani ya Tanzania iiangalie upya hukumu yake yenyewe, chini ya kanuni ya 66 ya Kanuni zake za mwaka 2009, na muda wake ni siku 60.

Rufaa ni neno la asili ya Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kuinua: shauri hutolewa chini likapandishwa kwa mwenye mamlaka makubwa zaidi. Mapitio yanatokana na kupitia, kama mwanafunzi anavyoipitia karatasi yake ya mtihani kabla ya kuikabidhi, hakuna kinachopanda. Ndiyo maana, inapowezekana, maombi haya husikilizwa na majaji walewale walioandika hukumu. (Wapo wanaosema marejeo, lakini neno hilo hutumika pia mahakama ya juu inapoitisha jalada la mahakama ya chini, kwa hiyo mimi silipendi hapa.) Anayelalamika kwamba shahidi fulani hakustahili kuaminiwa bado anakata rufaa, hata akiiita mapitio. Kinachotakiwa ni kosa lililo dhahiri kwenye kumbukumbu za shauri na lililopotosha haki, au kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, au hukumu iliyo batili, iliyotolewa bila mamlaka au iliyopatikana kwa udanganyifu.

Kosa la pili katika kauli ya yule mama, la kusubiri nakala, ndilo linalowaumiza wafungwa. Katika rufaa ya kwenda Mahakama Kuu, siku za kusubiri nakala haziingizwi kwenye hesabu ya muda, na watu hudhani mapitio nayo yako hivyo. Siku 60 za mapitio zinahesabiwa tangu tarehe ya hukumu. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, ila atatakiwa kueleza sababu ya msingi ya kuchelewa na pia kuonyesha ni hoja ipi kati ya zile za kanuni ya 66 atakayoisimamia.

Nilimwomba mama aulize kwanza hukumu ilisomwa tarehe ngapi, na kwamba hati ikiandikwa, iitwe maombi ya mapitio.