Watazamaji si mapato: yaliyozikuta tovuti za Marekani baada ya 2000

Kwa muda sasa dawati letu la malalamiko linapokea hoja ileile kutoka kwa watu waliouziwa hisa za kampuni zenye chaneli za video mtandaoni: chaneli ina watazamaji wengi, kwa hiyo kampuni ina fedha, kwa hiyo gawio letu liko wapi? Hivi karibuni alikuja mzee mmoja, mstaafu, akanionesha kwenye simu picha ya skrini yenye idadi ya waliotazama video. Nikamuuliza hesabu zilizokaguliwa ziko wapi. Akanionesha tena ileile picha.

Simlaumu. Wenye shahada za fedha walishaingia mkenge huohuo. Tarehe 13 Novemba 1998, kampuni ya theGlobe.com ya New York iliuza hisa zake kwa umma kwa mara ya kwanza, kwa dola 9 kila moja. Siku hiyo hiyo soko lilifunga hisa ikiwa dola 63.50. Kilichonunuliwa ni nini? Kurasa ambazo watu walijitengenezea bure na sehemu ya kupiga soga. Agosti 2001 tovuti hiyo ikafungwa.

Katikati ya tarehe hizo mbili soko lilianguka. Fahirisi ya Nasdaq, kipimo cha bei za hisa katika soko la Marekani lenye kampuni nyingi za teknolojia, ilifika 5,048 tarehe 10 Machi 2000, na kufikia Oktoba 2002 ilikuwa 1,114. Watu hupenda kusema tovuti za maudhui zilikufa kwa sababu wasomaji walichoka na intaneti. Hapana. Wasomaji waliendelea kuongezeka. Waliokimbia ni watangazaji, yaani kampuni zinazolipia matangazo. Mapato ya matangazo ya mtandaoni Marekani yalikuwa takriban dola bilioni 8.1 mwaka 2000, yakashuka hadi bilioni 7.1 mwaka 2001, kisha bilioni 6.0 mwaka 2002. Yahoo, iliyokuwa kubwa kuliko nyingi, ilishuka kutoka mapato ya dola bilioni 1.1 hadi milioni 717 ndani ya mwaka mmoja.

Watangazaji wenyewe walikuwa nani? Wengi walikuwa kampuni nyingine changa za intaneti, na fedha walizolipia mabango ya matangazo hazikutokana na mauzo. Zilikuwa fedha za wanahisa. Kwa lugha ya mtaani, walikuwa wanakula mtaji, na kila aliyelishwa aliandika "mapato" kwenye vitabu vyake. Mtaji ulipokatika, muuza matangazo na mnunuzi wake walianguka pamoja.

Kulikuwa na jambo jingine. Tovuti mbili ziliwekeana mabango bila kulipana hata senti, kisha kila moja ikajiandikia pato. Chukua mama lishe wawili wanaobadilishana sahani za wali mchana kutwa, kila mmoja akiandika shilingi 3,000 kwa kila sahani. Jioni daftari linapendeza, mkoba wa fedha mtupu. Januari 2000 waweka viwango vya uhasibu wa Marekani waliamua kwamba pato la aina hiyo lisitambuliwe isipokuwa kampuni ioneshe kuwa, ndani ya miezi sita iliyopita, iliuza tangazo linalofanana nalo kwa fedha taslimu. Mali bila daftari hupotea bila habari, lakini na daftari la uongo nalo ni balaa.

Naomba msomaji avumilie kidogo kuhusu adhabu, maana ndiyo kazi yetu. Aprili 2003 benki kumi za uwekezaji zilikubali kulipa jumla ya takriban dola bilioni 1.4 kwa sababu wachambuzi wao wa hisa waliwasifia wateja wa benki hizohizo. Mchambuzi Henry Blodget, aliyedaiwa kuponda faraghani hisa alizozipigia debe hadharani, alilipa dola milioni 4 na kufungiwa maisha kufanya kazi katika sekta ya dhamana (hisa, hati fungani na kadhalika). Machi 2005 Time Warner, kampuni ya habari na burudani iliyokuwa ikimiliki kampuni ya intaneti ya AOL, ilikubali kulipa dola milioni 300 kuhusu mapato ya matangazo ya AOL yaliyotiwa chumvi vitabuni. Blodget na Time Warner walimalizana na msimamizi wa soko bila kukiri wala kukana, na hilo linaruhusiwa kule.

Basi kwa nini wenye tovuti wasiwatoze wasomaji? Walijaribu. Jarida la mtandaoni la Slate lilitoza dola 19.95 kwa mwaka kuanzia 1998, na mapema 1999 likarudi kuwa la bure. Jarida jingine la mtandaoni, Salon, lilianza mwaka 2001 huduma ya dola 30 kwa mwaka. Msomaji aliyezoea bure hatoi kadi kirahisi, na ukitaka kumuuzia makala moja kwa senti chache, ada ya kadi inameza karibu yote. (Nasi tunatuma fedha kwa simu; makato unayajua.) Gazeti la biashara la Wall Street Journal liliweza kutoza, kwa kuwa wasomaji wake walisoma ili wapate fedha.

Matangazo yaliporudi, hayakurudi palepale. Nafasi za mabango mtandaoni hazina ukomo, hivyo bei yake hushuka. Oktoba 2000 Google ilizindua AdWords, huduma ya kuuza matangazo kando ya majibu ya utafutaji, na baadaye mtangazaji akawa analipa pale tu mtu anapobofya. Mwaka 2004 soko la matangazo ya mtandaoni Marekani lilifika dola bilioni 9.6, na takriban asilimia 40 ya fedha hizo zilikwenda kwenye utafutaji, wala si kwa walioandika habari.

Sasa nyumbani. Kampuni binafsi Tanzania hairuhusiwi kualika umma kununua hisa zake. Inayotaka kufanya hivyo iwe kampuni ya umma, iandae waraka wa matarajio wenye hesabu zilizokaguliwa, na waraka huo uidhinishwe na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kabla, narudia, kabla ya mwaliko kutolewa. Kundi la WhatsApp lenye wageni wengi ni umma. Tumeeleza hili mara nyingi mno.

Maelezo haya si ushauri wa kununua au kuuza hisa yoyote. Ukija kulalamika, njoo na stakabadhi ya malipo, mkataba uliosaini, na jina la kampuni kama lilivyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, maana jina la chaneli ni kitu kingine. Picha ya skrini unaweza kuja nayo pia, lakini iwe ya mwisho kwenye jalada.