Ukuta mweupe wa Kom el-Shoqafa

Ukishuka ngazi za mzunguko za Kom el-Shoqafa, mjini Alexandria, unalizunguka shimo refu ambamo maiti ziliteremshwa kwa kamba. Makaburi haya yalichongwa ndani ya mwamba tangu karne ya 2, Misri ikiwa chini ya Warumi, na yakafichuka mwaka 1900 baada ya punda kutumbukia humo. Jina lenyewe, kwa Kiarabu, ni kilima cha vigae. Chini kuna ukumbi wa karamu, kwa sababu ndugu wa marehemu walikuja kula pamoja kaburini.

Wageni wengi humkimbilia Anubis, mungu mwenye kichwa cha bweha, aliyechongwa amevaa deraya ya askari wa Kirumi. Ni kazi ya kustaajabisha. Hata hivyo, nakusihi uingie pia katika makaburi ya pembeni, kwenye ukumbi uitwao wa Caracalla, usimame mbele ya ukuta wa chokaa ambao utadhani ni mtupu.

Si mtupu. Rangi zilififia hadi jicho likashindwa kuziona. Miaka ya 1990 watafiti waliumulika kwa miale ya urujuanimno, mwanga usioonekana kwa jicho, mabaki ya rangi yakajitenga na chokaa, na picha zikajitokeza katika safu mbili. Ndiyo maana sisi wahifadhi hatuthubutu kusugua lipu ya kale, hata ikionekana haina kitu.

Safu ya juu ni ya Kimisri: Osiris, mungu wa wafu, amelazwa kitandani, amefungwa sanda, Anubis anamhudumia, na Isis na Nephthys, dada za Osiris, wanamlinda. Chini yake ni hadithi ya Kiyunani: Hades, mtawala wa kuzimu, anamnyakua binti Persephone na kumpakia katika gari lake la farasi. Osiris aliuawa, akapata uhai mpya. Persephone alikula punje za komamanga huko kuzimu, zikamfunga arudi kila mwaka. Lakini kila mwaka pia hupanda juu, na mimea ikachipua.

Wapo wanaoona hapa watu waliochanganyikiwa kiimani. Mimi sioni hivyo. Tazama mkono wa fundi: miungu ya Misri kaichora kwa mtindo wa Misri, wamesimama wima, nyuso upande, ya Kiyunani kaichora kwa mtindo wa Kiyunani, miili ikijipinda na farasi wakikimbia. Alizijua lugha zote mbili, na kila moja akaiacha imwombee marehemu kwa namna yake.