Tahadhari ya usalama wa betri ya moyo ni nini

Tahadhari ya usalama ni taarifa ya mtengenezaji au ya mamlaka inayosimamia vifaa tiba kwamba toleo fulani la betri za moyo, yaani vifaa vidogo vinavyopandikizwa kifuani ili kuusaidia moyo upige inavyotakiwa, au la nyaya zake zinazofika moyoni, limeonekana kuwa na kasoro inayoweza kujitokeza katika baadhi ya vifaa hivyo.

Hapa Mbeya, hata hivyo, mgonjwa ambaye toleo lake limetajwa huambiwa moja kwa moja kwamba betri yake ni mbovu na lazima ing'olewe. Maneno hayo yananisikitisha kwa sababu si ya kweli, na anayeyasikia ndiye anayelala na kifaa hicho kifuani. Tahadhari hutaja toleo zima, haimpimi mtu mmoja mmoja, na betri ya mzee wa Tukuyu inaweza kuwa ya toleo hilo na bado ikafanya kazi vizuri hadi chaji yake iishe.

Mwaka 2007 kampuni ya Medtronic ilisitisha uuzaji wa nyaya za Sprint Fidelis, ambazo baadhi zilikuwa zikikatika, lakini wagonjwa ambao nyaya zao zilikuwa nzima hawakushauriwa kuzitoa, kwa kuwa kuondoa waya uliokwisha kushikamana na mshipa na moyo kunaweza kuleta madhara makubwa kuliko kasoro yenyewe. Mwaka 2017 nchini Marekani zilitajwa betri za moyo 465,000 za kampuni ya Abbott, kwa hofu kwamba mtu asiyehusika angeweza kuingilia programu inayoziendesha. Tiba ilikuwa kusasisha programu hiyo kliniki, kazi ya kama dakika 3, bila kisu.

Anayeambiwa kwamba betri yake ni mbovu hukosa usingizi, kila mara hupapasa uvimbe mdogo ulio chini ya mtulinga, na huacha kupanda hata mlima mfupi wa kwenda shambani. Hofu nayo huyaendesha mapigo ya moyo mbio, naye huyachukua mapigo hayo kuwa ushahidi kwamba kifaa kimeanza kuharibika. Wapo wenye vifaa vya kushtua moyo, vinavyopandikizwa pia na kuupa moyo mshtuo wa umeme unapopiga vibaya, ambao huhisi wameshtuliwa, ilhali kifaa kikipimwa hakionyeshi mshtuo wowote. Kwa mgonjwa wa huku ambaye kliniki yake iko Dar es Salaam, siku za kungoja kupimwa ni nyingi, na maneno ya mtaani huzijaza zote.

Sisemi tahadhari ipuuzwe. Mgonjwa ambaye moyo wake unategemea betri kabisa huenda akabadilishiwa kifaa, na anayezimia au kupatwa na kizunguzungu apelekwe hospitali mara moja.

Kwa wengine wote, ni sahihi zaidi kusema kwamba betri ya jirani yetu ni ya toleo linalofuatiliwa, kisha tumsaidie kuitafuta ile kadi aliyopewa alipopandikizwa, yenye jina la kifaa na namba yake, aende nayo kwa daktari wake.