John Bardeen: Nobeli mbili, swali moja

Hadi leo John Bardeen wa Marekani ndiye mtu pekee aliyepata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mara mbili: 1956 kwa transista (kifaa kidogo cha kukuza au kuwasha na kuzima mkondo wa umeme), na 1972 kwa nadharia ya metali zinazopitisha umeme bila ukinzani wowote. Hata hivyo, mengi yanayosemwa juu ya kazi yake yamepotoka.

Dhana: transista ni ya Shockley.
Nadhani picha moja maarufu imechangia. William Shockley, kiongozi wa kikundi chao, amekaa kwenye hadubini, Bardeen na Walter Brattain wamesimama nyuma yake. Ukweli ni kwamba kifaa cha kwanza, kilichofanya kazi Desemba 1947 katika maabara za Bell, kilitengenezwa na hao wawili waliosimama, na hataza yake ina majina yao tu. Kilikuwa cha kuungaunga: kipande cha jerimaniamu (semikondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi tu), juu yake kabari ya plastiki iliyozungushiwa karatasi nyembamba ya dhahabu, ikachanwa kwa wembe pale nchani ili zipatikane ncha mbili zisizogusana. Kabla ya hapo mpango wa Shockley wa kuongoza mkondo ndani ya semikondakta kwa nguvu ya umeme ya nje ulikuwa umegoma, na Bardeen ndiye aliyeeleza kwa nini: elektroni hunasa kwenye uso wa semikondakta, zikaukinga usipenywe na nguvu ya umeme ya nje. Shockley naye apewe haki yake. Transista ya tabaka, iliyokuja kuenea, ni wazo lake la Januari 1948.

Dhana: alirukaruka fani.
Mtaka yote hukosa yote, watu husema wakiona orodha ya maandiko yake. Ni kweli alisomea uhandisi wa umeme, akafanya utafiti wa mafuta katika kampuni ya Gulf, akachukua udaktari Princeton, na tangu 1951 akafundisha Chuo Kikuu cha Illinois. Lakini makala zake kubwa zote zinauliza jambo moja: elektroni nyingi zinaishije pamoja ndani ya kitu kigumu? Ndani ya jerimaniamu zilizo huru ni chache, na unaweza kuziongoza. Ndani ya zebaki iliyopozwa hadi nyuzi 269 hivi chini ya sifuri, hushikana mbilimbili na kwenda kwa mwendo mmoja, ukinzani ukatoweka. Heike Kamerlingh Onnes aliliona hilo Leiden mwaka 1911. Maelezo ya kuridhisha yalisubiri hadi 1957, Bardeen alipoyaandika pamoja na Leon Cooper na J. Robert Schrieffer. Sumaku za mashine nyingi za MRI, zinazopiga picha za ndani ya mwili hospitalini, zinatumia hali hiyohiyo.

Dhana: bingwa kama huyo hakosei.
Alikosea, tena katika uwanja wake mwenyewe. Mwaka 1962 Brian Josephson, mwanafunzi wa Cambridge mwenye umri wa miaka 22, alitabiri kwamba jozi hizo za elektroni zinaweza kupenya kizuizi chembamba. Bardeen akampinga kwa maandishi. Majaribio ya 1963 yalionyesha kwamba kijana alikuwa sahihi, naye Bardeen akaacha kupinga. Josephson alipata Nobeli yake mwaka 1973.