Je, wajua? Mchanga ulioloa chepechepe hauna mshiko

Kiangazi, mito ya msimu ya Dodoma kama Kinyasungwe ikikauka, watu hufukua mchanga kutafuta maji. Ukuta wa shimo husimama wima kama uliokatwa kwa panga. Basi mtu huhitimisha: unyevu kidogo unashika hivi, maji mengi yatashika zaidi, na mteremko wa mchanga ulio chini ya maji lazima uwe imara.

Ni kinyume chake. Kinachoshika si maji peke yake, ni maji pamoja na hewa. Kwenye mchanga wenye unyevu, utando mwembamba wa maji hukaa pale punje zinapogusana, na ukingo wake unaopakana na hewa ndio unaozivuta punje pamoja. Jaza nafasi zote maji, ukingo huo unatoweka na mvuto unakwisha. Ndiyo maana shimo huanza kumeguka chini, pale maji yanapochuruzika, kisha sehemu ya juu, iliyokosa egemeo, humfukia mchimbaji. Salama ni kulaza kingo: kwa kina cha mita 2, kila upande urudi nyuma kama mita 3.5.

Mchanga uliozama kabisa hutulia kwenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 35 hivi, karibu sawa na mchanga mkavu. Maji hupunguza uzito wa punje kwa zaidi ya theluthi, lakini hupunguza vyote viwili, uzito unaoziteremsha na uzito unaozibana.

Mchanga ulioshindiliwa sana, hasa wenye punje ndogo, unaweza kusimama wima zaidi chini ya maji, kwa muda tu. Ili usogee, punje lazima zipandiane na nafasi zitanuke. Maji yakichelewa kuingia, nafasi hizo hufyonza na kuushikilia ukuta. Kisha unamenyeka kidogo kidogo, pengine kwa saa kadhaa.

Mpiga mbizi akutane na mmeguko kama huo kwenye korongo la chini ya bahari la San Lucas, Mexico, ambako mchanga humiminika kwenye miamba, na hatari kubwa huenda isiwe kufukiwa. Tope la mchanga ni zito kuliko maji, hivyo huteremka na kumvuta kilindini huku haoni hata saa yake ya kina. Asipige magoti chini ya mteremko wala kuuchapa kwa mapezi. Mmeguko ukianza, atoke kwa ubavu, aelekee maji ya wazi, kisha apande polepole, si zaidi ya mita 9 kwa dakika.

Punje zikinasa kwenye kifaa cha mdomoni anachopumulia, hewa hutoka bila kukoma na mtungi huisha upesi. Kisuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi bila kubonyeza kitufe chake cha kutolea hewa, la sivyo mchanga unaingia ndani zaidi.