Je, wajua jinsi ya kugundua kama turbo ya prosesa yako inafanya kazi?

Prosesa ya Core i7-920, iliyotoka mwaka 2008, ilitangazwa kwa kasi ya 2.66 GHz. Lakini kiini chake kimoja (core, sehemu ya prosesa inayofanya kazi yenyewe) kikipata kazi nzito huku vitatu vingine vimelala, chenyewe hupanda hadi 2.93 GHz. Intel waliuita uwezo huo Turbo Boost, na mwaka 2010 AMD wakaja na Turbo Core yao. Siku hizi karibu kila prosesa ya kompyuta ina kitu cha aina hiyo. Je, ya kwako inapanda kweli?

Wengi hukosea hapa: wanapima kompyuta ikiwa imetulia. Prosesa isiyo na kazi hujishusha makusudi ili iokoe umeme, kwa hiyo kasi ndogo wakati huo haina ubaya wowote. Ipe kwanza kazi, kwa mfano kubana faili kubwa. Kwenye Windows, fungua Task Manager, nenda Performance kisha CPU, ulinganishe Speed na Base speed. Ya kwanza ikiizidi ya pili, turbo iko hai.

Namba hiyo inapatikanaje, wakati kasi hupanda na kushuka mara nyingi ndani ya sekunde moja? Kwangu hapa ndipo penye utamu. Kila kiini kina vihesabio viwili, MPERF na APERF. MPERF huhesabu kwa mwendo usiobadilika, ule wa kasi ya msingi. APERF huhesabu kwa mwendo halisi wa kiini. Kiini kikilala, vyote viwili husimama. Basi soma vyote, subiri kidogo, soma tena. Ikiwa MPERF imeongezeka kwa 1000 na APERF kwa 1100, uwiano ni 1.1, zidisha kwa 2.66 na utaifikia ile 2.93. Uwiano ukizidi 1 huo ni ushahidi kamili, kwa sababu unatoka ndani ya prosesa yenyewe.

Kwenye Linux, programu ya turbostat hukufanyia hesabu hiyo. Tazama safu ya Bzy_MHz, yaani kasi ya kiini kikiwa kazini. Usitegemee orodha ya kasi ya dereva wa zamani wa acpi-cpufreq (programu ya Linux inayoongoza kasi ya prosesa): ukiona 2401 MHz kwenye prosesa ya 2400, ile moja ya ziada ni alama tu kwamba turbo imeruhusiwa, haisemi imefika wapi.

Pima kiini kimoja kwanza, halafu vyote. Vikifanya kazi kwa pamoja hugawana umeme na kuongeza joto, hivyo nyongeza hupungua. Ile i7-920 hufika 2.80 GHz tu viini vyote vinne vikiwa na kazi, na hiyo si hitilafu.

Ikiwa hata kiini kimoja hakivuki kasi ya msingi, angalia swichi kabla ya kulaumu prosesa. Kwenye Windows, Maximum processor state (katika mipangilio ya umeme) ikiwekwa 99% badala ya 100%, mara nyingi turbo huzimika. Kwenye Linux yenye dereva wa intel_pstate, soma faili la /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo, na usome kwa makini maana jina lake ni la kukanusha: 0 ni ruhusa, 1 ni marufuku. Kisha ingia BIOS, mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla ya Windows au Linux kuanza, uone kama turbo imeruhusiwa. Kama kote huko imeruhusiwa, pima joto: feni iliyojaa vumbi inatosha kabisa kuibana prosesa nzima.