Koi wa Mombasa hawajui theluji

Simu iliingia asubuhi moja ya Julai, mahamri bado yako mkononi. "Subalkheri, mwanangu. Hebu njoo uwatazame hawa samaki. Wamekuwa vichwa vitupu."

Bibi huyu anakaa Nyali, na bwawa lake nililijenga mimi: mita nne kwa mbili na nusu, kina mita moja na robo, koi kumi na mmoja ndani, wale samaki wa mapambo wenye madoa ya rangi. Nilipofika nikachutama ukingoni. Koi mzima hutazamwa kutoka juu. Mabega huwa yamejaa, kisha mwili unachongoka taratibu hadi mkiani. Hawa walikuwa kama misumari, kichwa kipana na nyuma yake mwili umenywea. Majani ya yungiyungi yametafunwa mpaka yamebaki vikonyo. Kivuli changu kilipogusa maji tu, wote kumi na mmoja wakaja mbio midomo wazi, wakifyonza hewa, pwa, pwa, pwa.

"Bibi, unawalisha nini siku hizi?"

"Siwalishi. Wakati wa baridi hawalishwi. Nimesoma."

Alikuwa amesoma, na aliyoyasoma ni ya kweli. Tatizo ni kwamba yaliandikwa kwa ajili ya bwawa la Uingereza. Wiki tatu na ushei samaki wale walikuwa wamefungishwa saumu isiyo na futari.

Koi ni kapu aliyerembwa. (Kapu samaki, si lile la ukili la kuendea sokoni, jina limetuangukia hivyo.) Wakulima wa mpunga wa Niigata, Japani, ndio walioanza kuwachagua wale wenye madoa ya rangi katika karne ya 19, lakini chini ya madoido yale yuko samaki yule yule wa matopeni, mwenye ndevu nne mdomoni na meno kooni. Na damu yake hufuata joto la maji. Maji yakishuka chini ya nyuzi 10, utumbo wake karibu unasimama kazi. Ukimpa chakula kitakaa humo humo na kumdhuru. Ndiyo sababu Ulaya humwachisha kula. Huko bwawa huganda juu, na samaki hushuka chini kabisa, ambako maji hubaki kwenye nyuzi 4 hivi, kwa sababu hapo ndipo maji yanapokuwa mazito kuliko yote. Anatulia pale miezi, akiishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini kabla ya baridi kuingia. Kazi ya mwenye bwawa ni kuacha tundu kwenye barafu ili gesi chafu itoke, na tundu hilo haligongwi kwa nyundo, maana mshindo unapita majini ukamfikia samaki.

Sasa njoo kwetu. Kipupwe chetu, Juni hadi Agosti, kusi linavuma na watu wanatoa masweta kabatini, lakini usiku wenye baridi kweli kweli hushuka hadi nyuzi 20 hivi. Hiyo ni hewa. Maji hayapoi haraka kama hewa. Bwawa langu la nyumbani nimelipima kwa miaka, na kwenye kipupwe alfajiri huwa nyuzi 24, adhuhuri 26 au 27. Kwa kapu hiyo ni raha tupu, hali anayokula na kukua vizuri kuliko hata Januari, wakati maji yanapofika 31 na yeye anatafuta kivuli. Samaki wa nyuzi 25 mwili wake unachoma chakula kila saa. Ukimnyima, anaanza kujila mwenyewe, na pa kwanza kuisha ni mabegani.

Kwa hiyo baridi ya Mombasa haiui koi. Lakini ni kweli pia kwamba simu nyingi za misiba hunijia kati ya Mei na Agosti. Yanayoua ni mawingu, mvua ya usiku na mkono wa mwenye bwawa.

Mawingu niliyajua kwa hasara. Nilikuwa na miaka michache katika kazi hii, nikitunza bwawa moja Tudor, maji yake ya kijani kama mchuzi wa mchicha. Mwenyewe aliyapenda hivyo, na mimi sikubisha. Zikaja siku tatu za wingu zito, jua halijaonekana. Siku ya nne mlinzi akanipigia saa kumi na moja alfajiri: "Fundi, samaki wako wanakunywa upepo." Sijasikia maneno ya kitaalamu yaliyoeleza vizuri kuliko hayo. Walikuwa wamejipanga juu ya maji, midomo nje, wakubwa zaidi ndio hoi zaidi. Tulipoteza saba.

Ajabu ni kwamba, kwa hesabu, kipupwe kilitakiwa kuwa msimu wa nafuu. Maji ya nyuzi 30 yakishiba hewa hubeba miligramu 7.5 hivi za oksijeni kwa lita; ya nyuzi 25 hubeba zaidi kidogo ya 8. Maji yanapopoa, nafasi ya hewa inaongezeka. Ila ule ukijani ni mimea midogo midogo, na mmea hutoa oksijeni ukiwa na jua tu. Usiku unavuta oksijeni kama samaki. Siku ya jua, mchana unalipa deni la usiku na chenji inabaki. Siku tatu za wingu, deni linalala juu ya deni, kisha ukijani wenyewe unaanza kufa na kuoza, na kuoza nako kunakula oksijeni. Saa mbaya kuliko zote ni ile kabla ya jua kuchomoza. Ukitaka kujua hali ya bwawa lako msimu huu, usilitazame saa kumi jioni ukinywa chai. Litazame baada ya kuswali alfajiri.

Ukiwakuta wanakunywa upepo, usikimbilie dawa, na chakula usikiguse. Chota maji kwa ndoo uyamwage kutoka juu, kimo cha kifua, yapasuke; endelea nusu saa ikibidi, mkono utauma. Kama una tangi la maji yaliyotuama, badilisha robo ya bwawa kwa mtindo huo huo. Baada ya hapo nunua pampu ndogo ya hewa iwe inafanya kazi usiku. Watu hupenda chemchemi ya mapambo inayowashwa wageni wakija na kuzimwa wakati wa kulala. Mimi ningekwambia ufanye kinyume chake.

Mvua ya usiku ina hila mbili. Kwanza, paa la mabati likimwagia bwawani, maji ya baridi yanaingia kwa mkupuo na kushusha joto la bwawa ghafla. Kapu huvumilia baridi, lakini havumilii kushtuliwa. Siku chache baadaye utaona vidoa vyeupe kama punje za chumvi kwenye mapezi, na samaki anajisugua ukutani. Ni kimelea, na kwa joto letu huzaliana ndani ya siku chache tu, kwa hiyo usiseme utangoje uone. Chumvi ya mawe isiyotiwa madini joto (iodini), kilo 3 kwa kila lita 1,000, igawe mara tatu kwa siku mbili, uiyeyushe kwanza kwenye ndoo. Yungiyungi wahamishie beseni, hawaipendi. Pili, maji ya mvua ni mepesi, hayana chokaa. Wenye visima vya pwani hawana shida hii, kwa kuwa maji yao yamepita kwenye mwamba wa matumbawe na yana chokaa ya kutosha (mara nyingi na chumvi pia, onja kwanza). Lakini bwawa la maji ya mfereji likinyeshewa mwezi mzima, uchachu wake unaanza kupanda na kushuka ovyo. Mimi huweka mfuko wa kokoto za matumbawe kwenye chujio, zile za machimboni, si matumbawe hai ya baharini. Zinayeyuka polepole zenyewe, kadiri zinavyohitajika.

Maji ya mfereji yana klorini, hilo unalijua. Yatue siku mbili kwenye tangi lililo wazi kabla hayajaingia bwawani.

Nije kwenye mkono wa mwenye bwawa, maana hapo ndipo nilipokaa na bibi muda mrefu. Kapu hana tumbo la kuwekea akiba. Kinachoingia mdomoni kinakwenda moja kwa moja kwenye utumbo. Ndiyo maana ukimpa sahani nzima mara moja, nusu inatoka nyuma bila kusagika, inaoza, inageuka amonia, sumu kwa samaki. Mpe kidogo, mara nyingi. Wakati wa kaskazi naweza kulisha mara nne kwa siku. Kwenye kipupwe nashusha hadi mbili, si kwa ajili ya baridi bali kwa uhaba wa hewa, ya kwanza saa tatu asubuhi, jua likiwa limeshaanza kurudisha hewa majini, ya mwisho saa tisa alasiri. Kiasi ni kile wanachomaliza kwa dakika tano. Siku ya wingu zito nawapa theluthi, na wakija kwa uvivu nafunga kopo naondoka. Huo uvivu ndio kipimo changu, kuliko hata pimajoto.

Hili la kungoja jua sikulipata kitabuni. Binamu yangu anafanya kazi kwenye mashamba ya maua Naivasha, na mwaka mmoja nilimtembelea Agosti. Kapu wamejaa kule ziwani tangu mwanzo wa miaka ya 2000, na inasemekana walitoroka kwenye mabwawa ya kufugia huko juu, mafuriko yakawaleta na mto Malewa. Mvuvi mmoja mwenye kibali akatuchukua na mshipi. Chambo chake ni ugali, lakini si wa kuliwa: ameukanda upya na unga mbichi kidogo, mpaka unashika ndoana kama udongo wa mfinyanzi. Kapu hula chini, kwa hiyo chubwi inalala topeni na chambo kando yake. Tangu saa kumi na mbili tumekaa, mikono imekufa ganzi, chelezo kimesimama wima kama mnara. Mzee yule hakujisumbua kubadilisha chambo wala mahali. "Bado hajaamka," akasema, akajifunika blanketi. Saa nne kasoro, jua limeshapata nguvu, chelezo kikatikisika mara mbili, kikalala ubavu, kikaenda. Kapu hamezi papo hapo. Anafyonza, anatema, anafyonza tena. Mzee alihesabu kimoyomoyo kabla ya kuvuta.

Kule kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900 anachelewa kwa baridi. Kwetu anachelewa kwa uhaba wa hewa. Dawa ni ile ile, kungoja.

Na kwa kuwa nimetaja mafuriko: bomba la kutolea maji ya ziada lifunge wavu wa matundu madogo kabla ya masika. Ukichoka na samaki, mpe jirani au mle, lakini usimtupe mtoni.

Jambo la mwisho ni stima. Msimu wa mvua inapotea sana. Pampu ikisimama kwa saa nyingi, vile viumbe vidogo vinavyosafisha amonia ndani ya chujio hukosa hewa vikafa, na maji yaliyobaki mle ni sumu. Stima ikirudi usiku wa manane na pampu ikajiwasha yenyewe, uozo wote unasukumwa bwawani. Chomoa waya mapema, na kabla ya kuwasha mwaga kwanza maji ya chujio kwenye migomba. Migomba itakushukuru.

Samaki wa bibi hatukuwarudishia chakula chote kwa pupa. Wiki ya kwanza punje chache mara mbili, pamoja na mchicha uliochemshwa kidogo, ambao waliurarua kama kuku. Wiki ya pili tukaongeza. Kufika katikati ya Septemba, kusi limelegea na maji yamegonga 27 alfajiri, mabega yalikuwa yameanza kurudi. Mmoja mweupe mwenye doa jekundu kichwani alibaki nyuma, na bibi akawa anamlisha peke yake kwa mkono, bangili zikigonga ukingo wa saruji. Sasa wote wamezijua bangili zile. Nikienda mimi kusafisha chujio hawanijali kabisa. Akitoka yeye mlangoni, kabla hajafika nusu ya ua, maji yameshaanza kuchemka.